Maji ya Jumamosi

Mume wangu alikwenda Meru kusomea ualimu, akarudi kwao Gesima na cheti, baiskeli, na dini ambayo kijijini hakuna aliyekuwa ameisikia. Umethodisti! Kwetu Manga, nilikozaliwa, tulikuwa Wasabato kuanzia bibi mpaka mjukuu, na wasiokuwa Wasabato walikuwa Wakatoliki. Sisi Wamethodisti tulikuwa nyumba tatu tu, tukisali sebuleni kwangu. Mchungaji wetu alikuja mara chache mno kwa pikipiki, maana makanisa ya mzunguko wake yalikuwa mbali mbali.

Sikutulia hata kidogo. Jumamosi mwili ulikataa kushika jembe, Jumapili ukaona haya kukaa bure nikijua mama yangu yuko shambani analima. Nilikuwa na siku mbili za kupumzika na sikupumzika hata moja. Lakini mafundisho yenyewe yaliniingia. Mume wangu alinisimulia habari za kasisi Mwingereza wa zamani aliyefungiwa milango ya makanisa, akaenda kuwahubiria wachimba makaa ya mawe uwanjani. Aliwaambia kwamba neema ya Mungu humtangulia mtu, humfikia kabla hajaitafuta. Ndiyo maana tunabatiza hata watoto wachanga. Na ubatizo ni mara moja tu maishani, haurudiwi.

Mama alicheka mpaka akafuta machozi. "Mtoto hata kutambaa hajui, unamwosha dhambi gani?" Kwake ubatizo ni mtu mwenye akili zake kuzamishwa mtoni, mzima mzima. Mama alikuwa shemasi. Yeye ndiye aliyetandika meza ya Bwana kanisani kwao, na heshima hiyo aliipenda kuliko ng'ombe wake wote.

Mzaliwa wangu wa kwanza alishikwa na homa ya mapafu kabla mchungaji hajafika kumbatiza. Ilikuwa Jumamosi. Mume wangu alikimbilia barabarani kutafuta gari la kutufikisha hospitali ya Kisii. Mama, aliyetoka kanisani moja kwa moja kuja kumwona mjukuu, alinikuta nazunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi.

Nilifundishwa kwamba mtoto akiwa hatarini, Mkristo yeyote aweza kumbatiza. Nikachota maji, yote yakamwagika sakafuni kabla sijamfikia mtoto. Nikachota tena, vilevile.

"Mama, mbatize wewe!"

"Siwezi, mwanangu. Mtoto huyu, Mungu hamdai kitu. Na kanisani wakisikia?"

"Akifa hivi nitakulaumu mpaka kaburini!" nilifoka huku nalia.

Hasira zangu nazijua, zikipanda sichagui maneno. Mama akachovya kiganja, akammwagia mtoto maji kichwani huku akisema maneno kwa Kigusii, haraka haraka. Kisha honi ikalia nje, tukaondoka.

Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe. Mchungaji alipokuja hatimaye, sebule ilijaa watu. Mama alikuwepo, amekaa karibu na mlango, na kando yake mwanamke wa kanisani kwao aliyekuja kujionea maajabu yetu. Siku zote hizo mimi na mama hatukuwa tumelizungumza jambo lile, wala sikuwa nimemwambia mume wangu.

"Mtoto huyu hajabatizwa bado, sivyo?" mchungaji aliuliza.

Nikisema bado, atabatizwa mara ya pili, na kwetu hilo ni kosa. Nikisema tayari, nimemponza mama mbele ya mwenzake. Nilimhamisha mtoto bega hili, nikamrudisha lile. Nilitamani nitoke mbio.

Mama akasimama, akamjibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Amebatiswa. Mimi ndio nilimwaga maji."

Mchungaji, Mmeru wa watu, akamwuliza kwa upole alisema maneno gani.

"Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Halafu nikaambia Mungu, mimi siamini hii maji, lakini huyu analia ni mtoto yangu."

Mchungaji akasema ubatizo umetimia, yeye hataurudia.

Meza ya Bwana ilipotandikwa tena kanisani kwao, ilitandikwa na mwanamke mwingine. Mama alikaa benchi la nyuma. Niliposikia nilipanda Manga siku hiyohiyo, mtoto mgongoni. Mama alimpokea, akajifunga naye kwa leso yake. Nikaanza kumwomba radhi, kilio kikanishinda, nikalia kwa sauti kama aliyefiwa.

"Wewe nawe," mama akasema. "Punguza kelele, utamwamsha."