Kona Isiyochimbwa

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo haitaki kunitoka kichwani. Ilikuwa hapa hapa mtaani Kabondo, ndani ya kiwanja chetu, nami nina koleo mkononi na wimbo mdomoni. Usinicheke ninapojifanya mzee. Mvi sina hata moja. Lakini babu yako ametangulia, na kiti cha mzee hakikai kitupu.

Wakati huo nilikuwa naendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria, na ndoto zangu zilikuwa nzito kuliko abiria wote. Leo ninunue pirogi, mtumbwi wa mota wa kwenda Basoko, kesho nifungue duka. Ndoto moja tu ndiyo iliyokuwa na haraka: kumwoa mama yako. Wazazi wake walisema watakuja Jumapili kuona mahali binti yao atakapolala. Wasipokuta hata msingi wa chumba, ndoa hakuna. Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, ila wahenga hawakuwa na wakwe wa Jumapili.

Nikachagua kona ya nyuma, karibu na migomba, ambako nyumbani hakuna aliyewahi kupanda hata mchicha. Nilidhani ni uvivu wa Papa, babu yako, tu. Nikaanza kuchimba.

Papa akatoka mbio, mswaki mdomoni. Sikuwahi kumwona akikimbia.

“Weye! Acha! Usichimbe pale!”

“Papa, juu ya nini nisichimbe? Wakwe wanakuja!”

“Dada yako iko pale.”

Nikacheka, mwanangu. Mimi sikuwa na dada. Nikadhani mzee ameamka na homa. Lakini akaketi juu ya udongo niliouchimbua, akanieleza polepole, kama mtu anayetoa mwiba wa zamani.

Mwezi wa sita wa mwaka elfu mbili, majeshi ya nchi mbili jirani, yaliyoingia kwetu yakiwa marafiki, yaligeukiana humu mjini Kisangani. Siku sita makombora yalipita juu ya paa zetu. Mimi nilikuwa bado nanyonya. Siku mojawapo pakawa kimya kidogo, watu wakadhani askari wamechoka. Dada yangu Aziza, mtoto wa darasa la pili, akatoka kuanua nepi zangu kwenye kamba. Kombora moja likaanguka. Makaburini hakukufikika, watu walizika wafu wao viwanjani. Papa akamzika pale.

“Nani alimuua?” nikauliza.

“Sijui.”

“Jeshi gani, Papa?”

“Bombe moja ilitoka huku, ingine ilitoka kule. Sijui.”

“Walikuwa wanagombea nini?”

“Bon, wengine wanasema almasi, wengine wanasema heshima ya wakubwa. Mimi nilingoja nielewe kwanza, alors ndipo nikuambie. Sasa nimezeeka, na sijaelewa.”

Jirani yetu, aliyekuwa akisikiliza juu ya ua, akatingisha kichwa: “Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia.”

Papa akasimama. “Ndugu, mutoto wangu haikuwa nyasi. Alikuwa na jina.”

Jirani akarudi ndani.

Nami nikabaki kama mtu aliyeshushwa kwenye bandari asiyoijua. Shuleni nilifundishwa vita vya Ulaya. Hivi vilivyopigwa penye migomba yetu, sikufundishwa. Kuuliza si ujinga, basi nikawauliza abiria wangu. Kila mmoja na yake. Mama mmoja aliyebeba makemba, ndizi zake za kuuza, akaniambia mgongoni: “Watu wawili wanakuja kupigana kwenye harusi yako, wanavunja sahani zako, wanaenda zao. Na weye unataka nikuambie ugomvi ulikuwa wa nini? Kanyaga, kijana, soko litafungwa!” Nikacheka, na machozi yakanitoka huku nakanyaga.

Jumapili wakwe wakaja, wakakuta shimo limefukiwa. Mama yako alikuwa amejificha nyuma ya shangazi zake, akingoja kusikia kama ataolewa. Sikuwa na la kuwaonyesha ila ile kona. Papa akalitaja jina la Aziza mbele yao, kwa sauti, na nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu amzike. Baba mkwe akavua kofia. Kisha akasema, “Mutu asiyekanyaga mufu wake, hatamtupa binti yangu. Jenga upande wa mbele, hata kwa udongo.”

Nikajenga, na ndicho chumba ulimozaliwa.

Mwanangu, vita vile hadi leo sivielewi. Nikipanga maneno yake yanapangika vibaya, kama matofali mabichi. Lakini hili nalijua: usingoje kuelewa ndipo usimulie. Babu yako, mtu mwema, alingoja, na koleo langu likakaribia kumfikia mtoto wake. Kisimulie hivyo hivyo usichokielewa, pamoja na “sijui” zake zote. Wenzako wakikuuliza nani alishinda, waambie baba hajui. Kisha waambie nani alikuwa akianua nguo.

Mungu akupe usingizi usio na kishindo, na ulimi usioogopa. Akupe watoto wakuulize mpaka uchoke, na ukichoka uwajibu tena. Haya, litamke jina la shangazi yako, nisikie.