Nilifuta code ya mashine iliyokufa, marehemu mke wa mzee wangu akawa na kilo milioni mia tisa

Wakuu, wenye kuamkiwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Juzi humu kuna kijana alilalamika kwamba kazini amepewa code ya C ya miaka mingi na anataka kufuta nusu yake kabla ya Ijumaa. Nikaanza kumjibu kule kule, jibu likawa refu, nikaona bora nifungue uzi.

Haya yamenikuta mwenyewe. Sijatia chumvi, yenyewe ilikuja imeshakolea.

Ni miaka ya elfu mbili mwanzoni. Mkoa wa Simiyu haupo bado, sisi wa Bariadi tunahesabiwa Shinyanga. Nimemaliza diploma Dar, nimerudi nyumbani, nimepata kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba.

Soko huria limeshachanganya. Zamani pamba yote ilipitia ushirika, sasa kila kona ina mnunuzi na mizani yake.

Kiwanda chetu kilikuwa na programu ya mizani. Pamba ikipimwa, inaandika jina la mkulima, kijiji chake na kilo. Ukifika wakati wa kupanda, mbegu zinagawiwa kwa kufuata daftari hilo hilo la ndani ya kompyuta. Kama humo, utasubiri wenzako wamalize.

Programu nzima iliandikwa na mtu mmoja, Mzee Masunga.

Huyu mzee niruhusuni nimweleze taratibu maana nilimpenda kama baba. Msukuma mrefu, mpole, maneno machache, ng'ombe wake anawajua mmoja mmoja. Kompyuta alijifunzia kwenye ushirika. Ushirika ulipoyumba, ofisi ya Maswa ikafungwa na mashine yake kubwa ya kizamani ikakosa mwenyewe. Mzee akaibeba kwenye lori la pamba hadi Bariadi. Programu ilianzia kwenye mashine hiyo.

Baadaye zikaja kompyuta nyingine, kila moja na tabia zake. Na mzee alikuwa na utaratibu wake: ikija mashine mpya, ya zamani haifutwi, anaongeza tu.

Kwa wasiojua C, hii ndiyo tunaita portability code. Ni maelekezo ya aina hii: ukiwa kwenye mashine fulani fanya hivi, ukiwa kwenye ile nyingine fanya vile. Nia ni programu moja iweze kuishi kwenye mashine nyingi. Sasa fikiria miaka kumi ya "ukiwa kwenye mashine fulani", na mashine zenyewe nyingi zimeshakufa. Ile ya Maswa ilikuwa nyuma ya nyumba ya mzee, boksi lake kuku wanatagia. Sitanii.

Mimi nilipoingia kazini mzee alishastaafu. Mtoto wa jicho alimshika macho yote mawili, screen ikawa kwake ukungu mtupu.

Kiwanda kikanunua kompyuta mpya ya Linux. Nika-compile programu ya mzee, yaani kuigeuza iweze kuendeshwa na mashine hiyo. Errors zikashuka mpaka nikaona aibu kwa niaba yake.

Meneja alikuwa mtu wa Mwanza, hana neno lakini hana subira. Akaniambia, "Binti, msimu unafunguliwa baada ya wiki mbili. Ya mzee isipowaka, naleta programu ya Dar na daftari tunaanza moja."

Kuanza moja maana yake wakulima wote wa miaka yote wafutike. Na kazi ya maisha ya mzee iende stoo akiwa bado hai, anasikia.

Nikaenda kwake asubuhi na rundo la karatasi, code yote nime-print.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu." Mayu ni mama, ila wazee wetu huwaita hivyo hata mabinti, na ukiitwa hivyo unajikuta umekaa vizuri.

Nikamweleza kwamba isipokatwa haitawaka. Mke wa mwanawe akatuletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, tukala kidogo.

Halafu mzee akasema, "Ng'ombe wa kuuza humchagui kwa kumwangalia pembe. Uliza kwanza amezaa nani. Haya, nisomee."

Wakuu, nikamsomea code. Kwa sauti. Mstari kwa mstari, na mabano yake. Siku tatu mfululizo, kuanzia asubuhi hadi jua linakuwa kali. Yeye amefumba macho, anasikiliza kama mtu anayesomewa barua ya mwanawe aliye mbali.

Kila nikifika kwenye mashine, ananisimamisha.

"Hiyo ilikuwa ya Mwandoya. Vumbi liliiua mwaka wa kwanza. Kata."

"Hiyo nilimwandikia jamaa mmoja wa kiwanda kingine, akasema atainunua, hajarudi mpaka leo. Kata, kata."

Mimi napiga kalamu nyekundu. Alikuwa anacheka. Nilikuja nikiogopa kumvunja moyo, kumbe ananiongoza yeye.

Siku ya tatu tukafika file la maswa.c. Juu kabisa aliandika: "Mashine ya Maswa. Usiondoe."

Nikamwambia, "Baba, hii mashine wanatagia kuku."

"Hiyo niachie. Hiyo ni ya mama Kija."

Mama Kija ni marehemu mke wake, jina lake Nyamizi. Yeye ndiye aliyekuwa karani wa mashine ile. Wakulima wote wa mwanzo aliwaingiza kwa vidole vyake, kijiji kwa kijiji. Siku ya kwanza ya kuijaribu msimu ulikuwa haujafunguliwa, hakuna hata kilo ya pamba uwanjani. Basi mama Kija akapanda mwenyewe kwenye mizani ile ya kukanyaga, mzee akasoma, zikaingia kilo zake. Rekodi namba moja ya daftari ni yeye.

Mzee alivyosimulia hayo sauti ilimbadilika. Nikafunga karatasi, nikamwachia pale mezani, nikaaga.

Hapa ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa huruma, ndiyo maana inaniuma hadi leo.

Nilijiambia, mzee anamlilia mkewe. Mashine imekufa, mke ametangulia, amebaki ameshikilia file. Nikaona nimheshimu kwa kumnyamazia, halafu kazini nifanye inavyotakiwa. Haoni screen. Hatajua.

Nikafuta vyote alivyosema, nilikuwa nimeviorodhesha pembeni. Nikafuta na maswa.c pamoja na kila mahali ilipoitwa.

Ikawaka. Hakuna error hata moja. Nilipiga kofi la meza, walinzi wakaja kuchungulia.

Nikafungua daftari, rekodi ya kwanza.

NYAMIZI MASUNGA. BARIADI. KILO 973078528.

Nikasogea ya pili. Mkulima mmoja wa Kalemela, mamilioni. Ya tatu hivyo hivyo. Majina yamekaa sawa, vijiji sawa, namba zimechanganyikiwa. Wakulima wa miaka ya karibuni wako salama, ila wote aliowaingiza mama Kija wamekuwa na pamba ya kuifunika Tanzania.

Wataalamu mmeshajua. Wengine niwaeleze kidogo: mashine hazihifadhi namba kwa mtindo mmoja. Nyingine zinaanza na upande mkubwa wa namba, nyingine zinaanza na mdogo. Ya Maswa ilianza na mkubwa, za sasa zinaanza na mdogo. Kazi ya maswa.c ilikuwa kuzigeuza namba alizoandika mama Kija ili mashine nyingine yoyote izisome. Haikuwa inaihudumia mashine iliyokufa. Ilihudumia wakulima walio hai.

Nikakimbilia flopi yangu ya backup. Haisomeki, na kompyuta ya zamani ilishauzwa. Vumbi la Bariadi wenyeji mnalijua, halina rafiki.

Zimebaki siku nne. Na code nzima ya zamani imebaki sehemu moja tu duniani, zile karatasi mezani kwa mzee.

Nilienda nimeshapanga uongo. Nitasema naazima karatasi nihakikishe kitu kimoja. Nilifika mchana, jua la utosini, amekaa barazani na fimbo yake.

"Mwadila, baba. Nimepitia zile karatasi mara moja."

"Umeikata Maswa."

Hakuuliza, wakuu. Alisema tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nikakaa chini.

"Nisamehe baba. Nimeikata. Mama Kija amekuwa na kilo milioni mia tisa sabini na tatu."

Nikaona mabega yanatikisika, nikajua nimemliza mzee wa watu. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka fimbo ikaanguka, akajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Angesikia hilo," akasema, "chakula nisingepewa wiki nzima."

Nikacheka na mimi huku nalia. Kisha akaniuliza taratibu, "Ulidhani naililia ile mashine?"

"Nilidhani unamlilia mama."

"Namlilia. Lakini hilo si jambo la code, mayu. Ungeniuliza ningekwambia. Siku tatu zote uliniuliza kila ng'ombe amezaa nani. Huyu mmoja ukamwonea aibu kumuuliza."



Nikachukua karatasi, nikaandika maswa.c upya, herufi kwa herufi. Siku mbili kabla ya msimu mzee akaomba nimpeleke kiwandani. Alitembea ameniwekea mkono begani, njia nzima anasalimiwa. Nikamkalisha mbele ya kompyuta asiyoiona. Meneja akaja kusimama mlangoni na kwa mara ya kwanza hakuangalia saa.

"Nisomee ya kwanza."

"Nyamizi Masunga. Bariadi. Kilo hamsini na nane."

Akanyoosha kidole, akagusa kioo. Nikamshika mkono nikausogeza kidogo hadi mahali penyewe.

Kisha akasema polepole, "Toa kilo moja. Asubuhi ile kulikuwa na baridi. Alikuwa amevaa koti langu."

Meneja akaondoka pale mlangoni bila kuaga. Neno la programu ya Dar sikulisikia tena kwa miaka yote niliyokaa pale.

Sasa wewe kijana wa Ijumaa. Futa, usiogope, code ya zamani ikizidi inaua hata ile nzima. Mimi nilifuta zaidi ya nusu na mwenyewe akafurahi. Ila usiulize tu kama mashine bado ipo. Uliza iliandika nini, na nani bado anayasoma maandishi yake. Na kama aliyeiandika yuko hai, mfuate ukamuulize, hata pale unapodhani jibu lake ni machozi. Hasa hapo.

Mzee alishatangulia naye. Alipata operesheni ya jicho moja kabla, akaisoma rekodi ile mwenyewe, lakini hiyo siku naomba nibaki nayo.

Waliopitia mambo ya namna hii, kwenye code au nje ya code, karibuni mtuambie. Hata wa kunisema, semeni, nimezoea.

Kopi ya lile daftari ninayo hadi leo. Rekodi ya kwanza bado inasoma hamsini na nane. Ile kilo moja ya koti sijawahi kuitoa.

Wabeja, asanteni.