Nafasi ya Marehemu Kwenye Seva

Siku moja ya msimu wa kahawa hainitoki akilini, mwanangu. Ni siku ambayo mwalimu aliyekuwa kaburini tangu Krismasi alichapa kurasa kwenye mashine ya chuo chetu mjini Mbinga, na mjane wake akadandia lori la kahawa kutoka Litembo kuja kuuliza mumewe anachapa nini.

Usicheke kwanza. Jana, siku yangu ya kustaafu, wewe unayebaki kuitunza seva ulipokuwa ukinisaidia kufunga vitu vyangu ofisini uliniambia, "Mama, akaunti yako hatutaifuta. Tutaiacha tu, kwa heshima." Nikanyamaza, na wewe ukadhani nimeguswa. Niliguswa kweli, ila si kwa namna uliyodhani. Leo nimekaa barazani tangu asubuhi, ziwa limetulia, wanawake wanaanika usipa, dagaa wetu wa huku, nikaona nikuandikie badala ya kukusemesha. Wewe ukisemeshwa hukawii kujibu, na hili nataka ulisikie mpaka mwisho.

Wakati huo nilikuwa nakaribia miaka thelathini. Nilikuwa nimemwachia mama yangu mtoto kule Lundo, kando ya ziwa, ili nikasome kompyuta na utunzaji wa kumbukumbu. Mvua zilikata barabara, nikafika chuoni wenzangu wameshaanza. Fundi wa kompyuta alikuwa kijana mmoja mpole, Deo, mtu wa kucheka na kila mtu. Nilipomwendea anisajili, aliinua mikono juu.

"Dada Agnesi, umechelewa. Seva imejaa."

Sikujua seva ni kitu gani. Akanipeleka kwenye chumba kidogo chenye feni, akanionyesha kompyuta iliyokaa peke yake mezani. Hiyo ndiyo iliyotunza majina ya wote walioruhusiwa kutumia kompyuta za chuo. Ukikaa popote, ukaandika jina lako na neno lako la siri, ile iliyo mbele yako inaiuliza seva kwanza: huyu unamfahamu? Ikijibu ndiyo, unafunguliwa, na unapewa kabati lako la mafaili. Chuo kilikuwa kimenunua leseni ya majina yenye kikomo. Kikomo kikifikiwa, seva haipokei jina jingine hata uibembeleze.

"Si umfute mmoja?" nikamuuliza.

"Nimfute nani? Kila ninayemgusa ana mtetezi." Akaanza kunitajia. Kuna aliyevuka ziwa kwenda Malawi na hakurudi, lakini wenzake wanasema atarudi. Kuna mtawa aliyehamishiwa Songea, lakini utamfutaje mtawa? Kuna waliomaliza masomo zamani, na huja mara moja moja kusalimia. "Halafu yupo Mwalimu Ndunguru. Huyo ndiyo kabisa. Vitu vya marehemu haviguswi mpaka ndugu waondoe matanga."

Mila hiyo naifahamu, na wewe unaifahamu. Nguo za marehemu, jembe lake, baiskeli yake, vyote hukaa palepale mpaka ndugu wakutane, waseme msiba umekwisha, ndipo vigawanywe. Ila sidhani kama kuna mahali pengine duniani ambapo watu waliichukua mila hiyo wakaiingiza ndani ya seva.

Deo alinihurumia. Kazi zetu zote zilifanyika kwenye kompyuta, na bila jina nisingegusa hata moja. Akafikiri, akachungulia nje, akafunga mlango.

"Basi ingia kwa jina la Mwalimu Ndunguru. Neno lake la siri ninalo. Lakini usimwambie mtu."

Ona jambo lenyewe lilivyo, mwanangu. Jina halikufaa kufutwa kwa sababu ya heshima, lakini lilifaa kuazimwa kwa siri. Mimi nami sikuuliza. Nilikuwa na mtoto Lundo na ada iliyolipwa kwa samaki wa kaka zangu, nikaona mlango umefunguka, nikapita.

Muhula mzima nilikaa ndani ya kabati la mafaili la marehemu. Mafaili yake sikuyafungua, nilitengeneza upande wangu nikauita "Lundo". Kazi yangu ya mwisho ilihusu usipa. Nilitengeneza mpangilio wa kumbukumbu kwa ajili ya wanawake wanaopokea usipa mtumbwini: umevuliwa usiku wa mwezi au wa giza, umeanikwa mchangani au kwenye chanja, mvua imeukuta au haikuukuta, umekauka kwa muda gani. Wenzangu wa milimani walinitania. "Nyie watu wa usipa, hata kompyuta mtaifanya inuke!" Nami niliwajibu kwamba wao watu wa kahawa wanalima kitu wasichokinywa.

Ilipofika wiki ya kukabidhi kazi, tukaenda kuchapa. Mashine ya kuchapa ilikaa koridoni, na kabla ya kurasa zako ilitoa karatasi moja ya mbele yenye jina la aliyechapa, kwa herufi kubwa, ili kazi zisichanganyike. Hilo nilikuwa silijui, maana hapo kabla sikuwahi kuchapa. Nilibonyeza nikiwa ndani ya chumba cha kompyuta. Nikasikia mashine ikianza kuguruma huko koridoni, kisha nikasikia sauti ya mwanafunzi mmoja.

"Jamani! Mwalimu Ndunguru anachapa!"

Ikazuka vurugu. Msichana mmoja alikimbilia nje akifanya ishara ya msalaba. Wengine walijazana mashineni.

"Anasahihisha mitihani huko huko aliko!"

"Mwambie basi aniongezee maksi, alininyima akiwa hai."

"Nyamaza wewe, atakuita ofisini kwake."

Mimi niliganda kitini. Kurasa zikaendelea kutoka, moja baada ya nyingine, zote za usipa. Kesho yake kila mtu mjini alikuwa na habari hiyo, na magari ya kahawa yakaipandisha Litembo.

Nilipoziomba kurasa zangu, nikaitwa ofisini kwa Madam Mapunda, mkuu wa idara yetu. Alikuwa mwanamke mtu mzima, mwembamba, asiyepandisha sauti. Pembeni alikaa mkuu wa taaluma, na kurasa zangu zilikuwa mapajani mwake. Deo alisimama ukutani kama mwanafunzi.

"Hii ni kazi ya marehemu," mkuu wa taaluma alisema. "Mwalimu Ndunguru alikuwa akifundisha mambo haya haya ya kumbukumbu. Binti ameingia kabatini mwake, amejichotea. Kumwibia maiti, Madam! Huyu hawezi kubaki hapa."

Nilieleza, nikaapa. Deo naye alikiri kwamba ndiye aliyenipa jina lile. Lakini kukiri kwake kulionyesha tu nilivyoingia; hakukuonyesha nani aliandika. Kila faili kwenye seva lilisema mmiliki wake ni Ndunguru. Tarehe zilikuwa za muhula ule, lakini hata anayenakili huacha tarehe mpya. Kwa macho ya mashine, mimi Agnesi sikuwahi kufika chuoni. Nilimwona akilini mama yangu akiwa na mtoto wangu mlangoni, akinipokea na begi nililoondoka nalo.

Ndipo hodi ikabishwa mlangoni. Aliingia mwanamke wa makamo aliyejitanda kitenge, mikono yake ikinukia kahawa mbichi. Alikuwa ametoka kuchuma. Deo alimtambua kuwa ni mjane wa Mwalimu, akainama.

"Shikamoo, Mama Kristina."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa baba Kristina yuko hapa anachapa karatasi." Alisema kwa utulivu, akakaa. "Nimekuja kumwona. Kuna mabati ya jikoni hajayamalizia."

Hakuna aliyejua kama ilikuwa ruhusa kucheka. Mkuu wa taaluma alimpa pole, akamweleza kwamba kazi ya mumewe imeibwa, na kwamba chuo kitasimamia haki ya marehemu. Mama Kristina akazipokea zile kurasa. Alisoma taratibu, akisogeza kidole. Akafika mahali nilipoeleza tofauti ya usipa wa mchangani na wa kwenye chanja, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Baba Kristina aandike haya? Mwalimu, yule alizaliwa mlimani. Samaki alimjua kwenye sahani tu. Nilimtuma sokoni usipa miaka yote ya ndoa, na kila mara alirudi na ule wenye mchanga, kwa sababu hakujua kuna mwingine." Akanigeukia. "Wewe ni wa wapi?"

"Lundo, mama."

"Basi." Akamrudishia mkuu wa taaluma karatasi zake, kama mtu aliyemaliza kesi.

Ndipo Madam Mapunda akasema, "Mama, tusamehe. Jina la Mwalimu tulikuwa tunalitunza. Tulisema tusiliguse mpaka muondoe matanga."

Mama Kristina alimtazama kwa mshangao. "Matanga? Sisi tuliondoa kabla kahawa haijaanza kuiva. Nguo zake amevaa mdogo wake, jembe ninalo mimi. Ninyi ndio mmebaki msibani peke yenu. Kwa nini hamkuuliza?"

Litembo si mbali, na magari ya kahawa hupita kila siku.

Madam akamweleza kuhusu kikomo cha seva, kwamba majina yamejaa na ndiyo sababu nilikosa nafasi. Nilidhani mama yule wa shamba atachoka, lakini alielewa mara moja, kwa njia yake. Wewe umeona mashamba ya kule, ngolo zilivyopangwa kwenye mteremko, mashimo na matuta kama sega la nyuki. Alisema, "Sisi tukirudi kwenye shamba lililopumzika hatukai tukilinda mashimo ya zamani. Wanaume wanafyeka, wanalaza nyasi, sisi wanawake tunazifukia, na palipokuwa na shimo panakuwa tuta. Mlima haukui, Madam. Lakini nyasi zile hatuzitupi, ndizo zinazootesha maharage."

Tukaenda sote kwenye chumba cha feni. Madam Mapunda hakufuta kwanza. Alimwonyesha mjane kila kilichokuwemo kabatini: maandalizi ya masomo, mitihani ya zamani, ratiba ya kwaya ya parokia, na mchoro wa jiko lenye mabati yasiyomalizika. Mchoro ule Mama Kristina aliutazama kwa muda mrefu. Madam akaomba ruhusa ya kubaki na yale yaliyokuwa ya chuo, na yaliyokuwa ya nyumbani akayanakili kwenye diski, akampa mkononi. Kazi yangu ya Lundo akaihamisha pembeni. Kisha akauliza, "Tufunge, mama?"

"Funga," alisema. Akaitia diski begini. "Pole baba," akaongeza kwa sauti ndogo, kwa Kimatengo.

Jina likatoka. Palepale Madam akaandika jina langu, na seva, iliyokuwa ikinikatalia tangu nifike, ikanipokea bila maneno.

Mama Kristina alipoondoka, Madam alitugeukia mimi na Deo. Hakutugombeza, na nafikiri ndiyo maana nayakumbuka maneno yake. "Deo, una huruma, lakini unaigawa bila kuwauliza wenye mali. Ulimwonea huruma mjane bila kumuuliza mjane. Ukamwonea huruma huyu kwa kumpa jina la mtu mwingine, na leo nusura limfukuzishe. Na wewe Agnesi, ukikosa mahali pa kukaa, simama mlangoni upige kelele mpaka tukuone. Ukikaa kimya kwenye kiti cha mtu, hatutajua kamwe kwamba viti vimepungua."

Mkuu wa taaluma alinihoji juu ya kila ukurasa, kwa haki yake, nikajibu. Nikafaulu. Deo alitumwa kuwatafuta wenye majina mengine yote, mmoja mmoja. Yule wa Malawi alikuwa na duka huko na watoto, na alishangaa kusikia kwamba bado ni mwanafunzi. Mtawa alicheka tu. Kila mmoja alipewa vyake, akafungiwa kwa kuagwa.

Sasa, mwanangu, siku hizi leseni zimekuwa kubwa kuliko zile, lakini kikomo bado kipo, na utakutana nacho siku usiyotarajia. Utakapoona seva inakataa, usikimbilie kuilaumu mashine, wala usikimbilie kuomba kununuliwa nafasi zaidi. Tazama kwanza nani yumo. Utakuta tuliohama, tuliostaafu na tuliokufa. Usitufute kama takataka, na usituache kwa kuogopa kuuliza. Piga simu, panda gari, kaa na mwenyewe au na ndugu zake. Kilicho cha kazi kibaki kazini, kilicho cha nyumbani kiende nyumbani, kisha funga. Na usimpe mtu yeyote jina la mwingine, hata kwa siku moja, hata akikulilia. Anayefanya kazi kwa jina la mwingine siku akisifiwa hayupo, na siku akishtakiwa hana pa kujitetea.

Jumatatu ataripoti yule binti wa Lipingo, mfanyakazi wenu mpya. Najua seva imejaa, maana niliiangalia kabla sijatoka. Mafaili yangu nimeyapanga. Ya ofisi nimekuachia, yangu nimeyachukua, ni picha za wajukuu tu na ile kazi ya usipa, ambayo nimeibeba kutoka mashine hadi mashine mpaka leo. Hujaniuliza, lakini nakujibu: matanga yangu yameondolewa. Nifungie, halafu uandike jina lake palepale, aanze na jina lake mwenyewe.

Mungu akupe jicho la kumwona aliyesimama mlangoni, akupe na mdomo wa kuuliza kabla mkono haujabonyeza. Na siku yako ya kutoka ikifika, upate mtu wa kukufungia taratibu, akakukabidhi vilivyo vyako, ukarudi nyumbani ukiwa mwepesi kama mimi leo.