Kitabu Ndani ya Jeneza la Maranga

Nyatichi, fundi cherehani wa hapa Rangwe, amewashonea kanzu maaskofu watatu. Wote wanashika Uanglikana wa kale, na hawasalimiani. Askofu Okemwa alilihama kanisa kubwa wanawake walipoanza kupewa upadri. Askofu Makori akamhama Okemwa kwa ajili ya ubani. Askofu Caleb naye akamhama Makori kwa sababu ya vikombe vidogo vya divai. Yeye anataka kikombe kimoja. Waumini wa wote watatu, ukiwakusanya, hawajazi lori la mchanga.

Wote walifundishwa na mume wa Nyatichi, mzee Maranga, mwalimu wa katekisimo, kutoka kitabu cha sala cha zamani, nakala pekee iliyobaki. Kila askofu huapa kuwa ni yeye tu anayekifuata. Macho ya mzee yalipokufa, Nyatichi alimsomea kila asubuhi kwa miaka tisa. Mzee alikuwa na ombi moja, azikwe kwa maneno ya kitabu hicho, na mkewe akamwahidi.

Mzee alipofariki, wanawe wakamlaza jenezani na kitabu kifuani, kwa heshima. Kaburini ndipo Okemwa aliponyoosha mkono apewe kitabu. Wazee wa ukoo wakakataa katakata: jeneza likishafika kaburini halifunguliwi. Makori akajaribu bila kitabu, akapotea sentensi ya pili. Caleb akatafuta kwenye simu, akapata toleo jipya, lile lile walilolikimbia. Niliona aibu kwa niaba yao. Miaka yote wanagombania kitabu, kumbe hakuna aliyekisoma.

"Baba Askofu," Nyatichi akasema, "kama hakuna mwenye anakumbuka, mimi najua."

Maaskofu hawa hukubaliana jambo moja tu, kwamba mwanamke asiongoze ibada. Lakini mvua ilikuwa inakuja kutoka ziwani, na watu walishachoka kusimama. Nyatichi akaanza, akaenda mpaka mwisho bila kukosea hata neno. Maaskofu wakaitikia "Amina" kwa pamoja, mara ya kwanza baada ya miaka kumi na miwili.

Wiki iliyofuata walikutana, wakaandika barua moja yenye sahihi tatu. Nyatichi amefungiwa meza ya Bwana miezi sita, katika makanisa yote matatu. Nilimkuta akiisoma kwenye cherehani, kanzu ya Caleb ikisubiri pindo.

"Imekuuma?" nikamuuliza.

"Imeniuma sana," akasema. "Lakini Maranga amezikwa."

Akaiweka barua kando, akaendelea kushona.