Hata Zimwi Ana Kwao

Saa tatu asubuhi, jikoni, mwanamke wa miaka hamsini na minne anaitafuta miwani yake mezani, na miwani iko kichwani. Akiipata, anashika karatasi na kumgeukia mumewe.

"Sikiliza hili. Anaishi ndani ya bomba la maji machafu, chini ya soko."

Mumewe ni fundi bomba. Anaweka kikombe chini. "Bomba la inchi ngapi?"

"Nne."

"Mke wangu, si umesema ana mabega ya nyati? Inchi nne hata paka hapiti."

Mke anafuta, anaandika thelathini. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za fundi huyu zimejaa mabomba.

Kazi ya mama huyu ni kuandika habari za mazimwi. Kuna mchezo unaochezwa mezani kwa kalamu, karatasi na dadu: mmoja anasimulia, wenzake wanakuwa mashujaa, na kitabu cha mazimwi kinawapa maadui. Mwandishi mwingine huandika nguvu na meno yao. Yeye huandika nusu ukurasa unaobaki: zimwi analala wapi, anakula nini, anamwogopa nani. Ameshawaandika mia mbili na kumi na wawili. Wachezaji wanamwita Mama Mazimwi, naye anaitika.

"Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha," anasema huku akicheka. "Sawa, yeye anakujua. Je, wewe unamjua?"

Kabla ya kazi hii alikuwa karani wa mahakama kwa miaka kumi na tisa, akichapa mashtaka. Aliiba, alipiga, alivunja. "Halafu mshtakiwa anapewa nafasi ya kusema, unasikia ana mama mgonjwa, ana shamba limekauka. Hukumu haibadiliki kila mara. Lakini wewe unayechapa unabadilika."

Nilipomtembelea, moyo wake haukuwa umetulia. Mhariri wake, kijana mpole anayependa rula kuliko watu, alikuwa ameamua kwamba toleo jipya libaki na nguvu na meno tu. Maisha ya kila zimwi yangekuwa mistari miwili. Jumatatu kitabu kingekwenda kiwandani kuchapwa.

"Hakuna anayesoma, mama," mhariri alimwambia.

"Na barua ninazoletewa?"

"Kumi na moja. Hao ni wasomaji?"

Mama akamjibu, "Basi njoo Jumamosi wanapocheza, uone mwenyewe." Kwangu hakuficha: alikuwa anaogopa. Miaka minane ya kazi ilikuwa inakwenda na maji, na hakuwa na uhakika kwamba kijana amekosea.

Jumamosi mchana tulikwenda kwenye chumba cha nyuma cha duka la madaftari. Mezani walikuwa wanne: mwalimu wa hesabu aliyesimulia, muuguzi, msusi, na dereva wa lori mwenye mikono kama sepetu. Mhariri alisimama karibu na rafu, mikono mfukoni. Mama Mazimwi alikaa pembeni, akivuta uzi wa kitambaa chake.

Adui wa siku ile aliitwa Mlamba Chumvi. Hulamba kuta za nyumba mpaka zinaanguka. Walikuwa wamepigana naye saa nzima, na nguvu zake zilikuwa zimebaki alama tatu tu. Dereva alishika dadu, tayari kummaliza.

"Ngoja kwanza," muuguzi alisema. "Mwalimu, hebu soma habari zake."

Mwalimu akasoma: Mlamba Chumvi hula majani mwaka mzima. Hushuka vijijini wakati mmoja tu, akiwa ananyonyesha.

Msusi akaweka kalamu chini.

"Ana mtoto," muuguzi alisema.

"Dada, amebomoa nyumba sita! Na mimi nimeshashika dadu."

"Iweke chini, kaka. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Huyu hana ubaya, ana upungufu wa chumvi."

Msusi akaunga mkono. Dereva akabisha, akasimama, akaketi. Walibishana wee, mpaka mashujaa wakakubaliana kununua gunia la chumvi na kuliweka mlimani, mbali na nyumba za watu. Dadu ikabaki mezani.

Mhariri alitazama saa yake. "Dakika arobaini," alisema polepole. "Dakika arobaini hakuna aliyerusha dadu." Akamsogelea mwandishi wake. "Mama, nusu ukurasa inabaki. Kwa mazimwi wote mia mbili na kumi na wawili. Nitapunguza picha."

Mama Mazimwi aliinuka. Akamshika kijana mkono, akautikisa kama anapampu maji.

Watu walipoanza kuondoka, dereva alibaki nyuma. Alizungushazungusha kofia yake mikononi.

"Mama, samahani. Yule mtoto wa Mlamba Chumvi. Mama yake alipokuwa anapigana na sisi, mtoto aliachiwa nani?"

Mwandishi alivua miwani. Hakuwahi kuliandika hilo. Hakuwahi hata kuliwaza.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Ila kitabu changu kinachofuata kitakuwa cha watoto wao. Wote."

Dereva akavuta kiti, akaketi. "Basi anza na huyu. Mimi siondoki."