Shehena Iliyomwagwa kwa Jirani

Jumatano ya kwanza ya Februari nilikuwa katika chumba cha baridi, nikigeuza jibini moja baada ya nyingine rafuni, jirani yetu wa bondeni aliponijia na debe la viazi. Kiwanda chetu kidogo, mali ya wanaushirika wa maziwa, kiko mteremkoni kando ya barabara ya Dundori, na mimi ndiye msimamizi wake. Jirani huyo ni mama mzee ambaye sote humwita shosho.

“Asante kwa maji, madam,” alisema. “Hii kiangazi ingetumaliza. Dereva wako ana roho nzuri. Amenimwagia lori mbili mzima.”

Sikuwa nimemtumia maji yoyote. Lori hilo tulikuwa tumelikodi linyonye maji taka ya kiwanda na kuyapeleka katika mabwawa ya kusafishia, Nakuru mjini. Maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini yana weupe hafifu na harufu ya maziwa, na mkulima aliyekosa mvua hawezi kuyatazama bila kuyatamani. Lakini ndani ya tangi letu yalikuwa yamechanganyika na dawa ya kusafishia mabomba, ambayo hakuna mfanyakazi anayeigusa bila glavu.

Tuliteremka pamoja hadi shambani. Viazi vilivyokuwa karibu na mfereji vilikuwa vimeungua majani, na udongo ulikuwa umefunikwa na ukoko mweupe. Chini kidogo ya hapo iko chemchemi anakoteka maji ya kunywa na kunywesha ng’ombe wake. Nilimwomba asiteke tena mpaka yapimwe, nikamwahidi kwamba pikapiki ya maziwa ingemletea mengine kila asubuhi.

“Kumbe haikuwa baraka,” alisema.

“Hapana, shosho. Ulikuwa uchafu wetu.”

“Na viazi nishakuletea,” alisema, akacheka kidogo.

Dereva alipofika jioni, hakukana.

“Madam, yeye ndiye aliniita. Hii barabara yote wananisimamisha. Na si hii ni maziwa tu?”

“Basi nikuwekee kikombe.”

“Mimi ni mtu wa turungi,” alijibu, akitazama viatu vyake. “Chai ya maziwa hunikataa.”

Ningeweza kuomba dereva mwingine, lakini naye angesimamishwa kwenye kona zilezile na watu walewale wenye kiu. Nilisimamisha utengenezaji wa jibini, nikaita kamati ya ushirika.

“Maji yakishatoka getini ni ya mwenye lori,” mwenyekiti alinikumbusha.

“Ni yetu mpaka yaingie bwawani,” nikasema. “Anayekunywa chini yetu hamjui mwenye lori. Anatujua sisi.”

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe walikubali tujenge mfereji wa pili kiwandani, ili maji ya jibini yasiyo na dawa yawaendee wafugaji wa nguruwe, na maji ya kuoshea yakae peke yake. Vipimo vya kwanza vya chemchemi vilikuja safi, ila mpimaji alionya kwamba mvua ingeweza kuteremsha kilichobaki udongoni. Kwa hiyo shosho aliendelea kungoja pikapiki yetu, na mimi, wiki chache baadaye, nilimwandikia mwenye lori:

“Kuanzia sasa mtu wetu atapanda lori kila safari, na atashuka baada ya kuona tangi likimwagwa mahali panaporuhusiwa, akiwa na stakabadhi ya mabwawa. Bila hayo, hatutalijaza lori lako tena. Chemchemi ya jirani yetu itapimwa upya mvua zitakapopungua. Yakipatikana madhara, tutabeba wajibu wetu, nawe utabeba wako. Mkulima akimsimamisha dereva na kuomba maji, dereva asimkatalie kwa ukali wala asimpe hata ndoo moja. Amwelekeze kwangu, nami nitamweleza ni nini kilichomo ndani.”