Simu Moja ya Watu Wawili

Mukonyo alijifundisha kuandika programu za kompyuta katika chumba cha kupanga huko Gatongora, miaka minne, bila mtu wa kumshika mkono. Kwa hiyo zahanati moja ya Theta ilipomwomba atengeneze mfumo wa kuwakumbusha wagonjwa wa presha siku ya kuchukua dawa, aliiona kazi hiyo kama heshima.

Muda ulikuwa mfupi, akatumia msaidizi wa akili mnemba. Alimweleza anachotaka, naye akaandika kurasa kwa kurasa. Mwanzoni Mukonyo alizisoma zote. Kufikia wiki ya pili alizipitisha tu, mradi programu inafanya kazi.

Mwezi wa nne tangu mfumo uanze kutumika, muuguzi Ngendo wa zahanati hiyo akampigia simu. "Kuna mama anaitwa Kavata. Amepooza upande mmoja. Ujumbe ulikuja wa mzee wake pekee, naye mama akaendelea kungoja wake, dawa zikamwishia."

Mukonyo alifungua programu akaisoma mstari kwa mstari, hadi akafika pale: nambari ya simu ikijitokeza mara mbili, jina la pili lifutwe. Msaidizi alidhani ni mtu mmoja aliyeandikishwa mara mbili. Tena alikuwa amesema hivyo waziwazi, katika maelezo ambayo Mukonyo hakuyasoma.

Angeweza kurekebisha na kunyamaza. Kesho yake alienda Theta, akaketi mbele ya mzee Kyalo, mumewe Kavata, akamweleza yote.

Mzee akamuuliza, "Hiyo mashine haikujua mimi na mama tuna simu moja. Wewe ulijua watu huishi hivyo?"

"Nilijua, baba. Hata kwetu simu ilikuwa moja."

Kyalo akatikisa kichwa, asimfokee. Mukonyo alitamani angemfokea.

Kutoka chumbani Kavata akauliza, ulimi mzito, "Wengine waliofutwa ni wangapi?"

"Kumi na saba, mama."

"Umewapata?"

"Bado sita."

"Sasa umeketi hapa ukifanya nini? Enda uwatafute."

Aliwatafuta pamoja na Ngendo, boma kwa boma, siku tatu. Wawili walikuwa wameacha dawa kabisa, wakaanzishwa upya.

Mukonyo bado anamtumia msaidizi yule. Ila kila uamuzi unaomgusa mgonjwa humsomea Ngendo kwanza, polepole, na Ngendo akikataa, wanaanza tena.

Kavata sasa anatembea kwa fimbo. Mkono wa kushoto haujarudi, na maharagwe ya msimu huu Kyalo aliyapanda peke yake.